Mukakalisa na Watoto Walioitika kwa Sauti za Wanyama

Jumanne, tarehe ishirini na moja, mwezi wa tatu, mwaka 2023, saa tatu asubuhi. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Wengine watawaambia ni tarehe kumi na saba ya mwezi uliofuata, siku mtoto alipopotea. Si kweli. Mtoto alipotea kwa sababu ya Jumanne ile. Ishikeni hiyo tarehe, wasikilizaji wapendwa.

Sauti yangu mnaijua. Mimi ni Nshimiyimana, fundi redio wa Kamembe. Mwaka wa sita huu, kila Jumamosi asubuhi, nawasomea kumbukumbu za marehemu wenu. Leo namsoma wa kwangu. Mke wangu, Mukakalisa Patricie, aliyetutoka tarehe tisa mwezi wa pili. Kuna neno moja wakubwa wameliandika juu yake, neno "uzembe", na mimi nataka neno hilo lifutwe. Madarasa yangu ni manne tu, kwa hiyo nitasoma polepole. Mkubwa wa redio ameniomba pia nisome kwa upole. Polepole nitaweza.

Mukakalisa alikuwa mwangalizi wa watoto karibu na mpaka, pale Rusizi ya Kwanza. Chumba kimoja, mikeka miwili, mlango wa bati. Kina mama wanaovuka kwenda Bukavu na nyanya, na maziwa, na kuku, walimwachia watoto asubuhi, wakawachukua jioni. Watoto ishirini na sita. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka minne. Na Mukakalisa hakuwa na daftari, wasikilizaji. Alikuwa na wimbo.

Wimbo aliutunga mwenyewe. Kila mtoto alipewa mnyama wake siku ya kwanza, na mnyama mmoja hakupewa watoto wawili. Mtoto akihama, mnyama wake anabaki pale kumngoja mtoto mwingine. Asubuhi, saa sita, na jioni, Mukakalisa alisimama mlangoni akaita:

Ng'ombe wa Mururu, umeamka?
*Moo! Nimeamka!*
Jogoo wa Nkungu, umeamka?
*Kokoriko! Nimeamka!*
Chura wa bondeni, umeamka?
*Kroo! Nimeamka!*

Hivyo hivyo mpaka wote ishirini na sita. Mmoja asipoitika, wimbo unakatika palepale. Uji haupakuliwi. Mlango haufunguliwi. Mpaka apatikane.

Shemeji yangu Gasaro, mdogo wake Mukakalisa aliyemsaidia pale chumbani, ameniambia niwasomee haya: "Dada hakuamini macho. Alisema, mutoto anaweza kulala nyuma ya mwenzake usimuone. Lakini ng'ombe asipolia, utajua."

Kulikuwa na ugomvi pia, msidhani ni malaika wale. Wote walitaka kuwa ng'ombe. Hakuna aliyetaka kuwa punda. Hata mimi nilipopita kuleta kuni nilipewa mnyama, kobe. "Kobe wangu," alinicheka mbele yao, "redio moja, mwezi muzima!" Na kobe halii, kwa hiyo nilipoitwa nilipaswa kugonga mlango mara tatu. Nilikuwa mzee wa miaka hamsini na tisa, nagonga bati kama mjinga. Nilipenda sana.

Sasa turudi Jumanne ile. Kamati inayosimamia chumba ilileta watu watatu na barua. Mkubwa wao alisikiliza wimbo mpaka kwa nguruwe, akanyoosha mkono.

"Maman, unaita watoto wa watu wanyama? Katika nchi hii? Baada ya yote tuliyoyaona?"

Mukakalisa alizaliwa ng'ambo, Bukavu. Alipokuwa msichana, watu wazima walimwita nyoka barabarani, yeye na wazazi wake. Hakuhitaji kufundishwa jambo hilo na mtu aliyeshuka kwenye gari. Akamjibu kwa heshima:

"Mukubwa, wanyama wangu ni ishirini na sita. Tafuta nyoka iko wapi. Tafuta mende iko wapi. Ukiipata, nifukuze leo."

Hakutafuta. Nyoka hakuwemo. Mende hakuwemo. Hawakuwahi kuwemo hata siku moja, na sababu yake nyinyi nyote mnaijua, nyinyi mliosikia watu wakiitwa majina hayo kabla ya kuuawa. Lakini barua ilikuwa imeshapigwa muhuri, na barua yenye muhuri haina masikio. Wimbo ukakatazwa. Ikaletwa orodha, na karani wa kuijaza, kijana anaitwa Harerimana. Ikaletwa pia spika ya kuwaimbia watoto nyimbo za simba na tembo, zilizorekodiwa huko mbali. Mimi ni fundi, nazijua spika. Spika inaimba tu. Haisikii kama kuna mtu hakuitika.

Karibu wiki nne Mukakalisa hakuimba. Alitii. Hilo nalo liandikwe.

Jumatatu, tarehe kumi na saba, mwezi wa nne. Mukamurenzi, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alirudi mapema kutoka Bukavu. Saa saba mchana. Akamuulizia mwanawe Kamikazi, mwenye miaka mitatu. Karani akafungua orodha.

"Yuko, Maman. Tazama, hapa saa sita kuna alama yake."

"Alama?" Mukamurenzi akapiga kelele. "Miye sikuzaa alama! Nipe mutoto!"

Mtoto hakuwemo. Alitoka asubuhi kumfuata mama yake, nyuma ya mtu aliyeleta maji. Na ile alama? Harerimana simchukii. Aliambiwa safu ya saa sita ijae kabla gari la kamati halijafika, na gari halina saa yake. Basi kila siku aliijaza asubuhi, saa mbili, mara moja, kwa watoto wote. Wakubwa walipita, wakaona imejaa, wakamsifu.

Sasa sikilizeni alichofanya mke wangu. Hakulia. Hakubishana. Alimwachia Gasaro watoto, akateremka barabara ya mpakani, njia ya malori na wabeba mizigo, akaimba. Kwa sauti yote. Wimbo uliokatazwa.

Alianza na ng'ombe. Watu wakadhani amerukwa na akili. Mbeba mizigo mmoja akamtania: "Maman, ng'ombe wamevuka jana!" Akaendelea. Alipofika kwa chura, mnyama wa Kamikazi, alirudia. Chura wa bondeni, umeamka? Kimya. Hatua ishirini, tena. Kimya. Watu wakatua mizigo. Mara ya tatu, mbele ya meza ya muuza mabeseni, chini ya turubai, kasauti kakatoka:

"Kroo! Nimeamka!"

Na kweli alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Alilala ndani ya beseni, na shavu limejaa alama za plastiki. Wabeba mizigo wakapiga makofi. Mukamurenzi akamkumbatia mtoto, kisha akamkumbatia Mukakalisa, na harufu ya sambaza haikutoka kwenye kitenge chake siku tatu.

Wiki moja baadaye kamati ikafunga chumba. Waliandika sababu: uzembe wa mwangalizi, uliosababisha kupotea kwa mtoto. Mukakalisa alikwenda ofisini mara nne kueleza. Aliambiwa aache ujumbe.

Daktari ameandika kwamba alikufa kwa presha. Mimi si daktari, sibishani naye. Nasema nilichokiona. Tangu chumba kifungwe aliamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa, akakaa kitini, kama mtu anayengojwa mahali. Mwaka jana binti yetu Umuhoza aliomba kazi ya kulea watoto kwenye kituo kingine. Wakamwambia, "Mama yako ana doa." Alirudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba nafasi zimejaa. Mukakalisa alikuwa mtu wa kusikia. Alisikia.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, poleni. Pole kwa Umuhoza. Pole kwa Gasaro. Pole kwa watoto ishirini na sita, ambao sasa wanavushwa mpaka mgongoni, juani na mvuani, chini ya mizigo. Mimi nisipewe pole, nipewe jibu. Na wewe uliye nyumbani, kabla hujamnyamazisha mtu anayewaimbia watoto wako, kaa chini kwanza, sikiliza wimbo mpaka mwisho.

Mkubwa wa redio ananionyesha mkono kupitia kioo. Namwona. Namaliza.

Ninayo hapa mezani nakala ya barua ya kufunga chumba. Umuhoza amenisomea, mara nyingi. Wenyewe wameambatanisha orodha ya siku ile kama ushahidi kwamba kazi yao ilikwenda sawa. Saa sita, tarehe kumi na saba: watoto ishirini na sita, wote wapo. Muhuri. Sahihi tatu. Nimekwenda na swali langu mara tano, wameniambia nirudi Alhamisi. Basi leo nauliza hapa, redio zote za Rusizi zikiwa wazi, Kamembe mpaka Nkungu:

Kama orodha yenu ni ya kweli, Mukakalisa alimpoteza nani?