Sindano au Kisu

Septemba, saa kumi alasiri, jakaranda za mtaa wa Kamalondo huangusha maua hata pasipo upepo, na benchi la Amadi muuza kahawa hugeuka zambarau. Chola, aliyechimba shaba upande wa Kinsevere, tunamwita Mukuba, yaani shaba. Kunda alilinda mlango wa chumba cha kupigia picha za mifupa, basi ni Radio, jina la Kifaransa la picha hizo. Donat, fundi wa nguo, ni Centimètre, kama utepe wake wa kupimia. Miaka thelathini ya cherehani imemkunja mgongo. Mimi ni Prof, kwa sababu nilifundisha chuo kikuu, kule Kasapa. Siku hiyo Donat alikuja polepole, akajishusha katikati yetu. Daktari alikuwa amempa hadi kesho aseme: kama mguu wa kushoto bado una hisia, sindano ya mgongo, kama umeanza kufa ganzi, kisu.

— Na muguu? Radio aliuliza.

— Iko inasikia bien, Donat alisema. Minachagula shindano.

— Shindano, Centimètre! Weye unashona bantu maisha yote, leo banakushona weye.

— Ikuwe vile. Kisu, hapana.

— Mais inapita karibu na maji ya mugongo. Bazee balisema: maji yakimwagika hayazoleki. Ile maji njo inabeba ndoto. Niliona bantu banatoka mule mu hospitali, banalala bila kuota hata kiloko.

Mukuba alitikisa kichwa.

— Radio, weye ulilinda mulango tu. Mugongo iko ngazi, na mupanda ngazi hushuka! Dawa itapanda mu kichwa, itashuka mu muguu. Kisu njo muzuri. Banakulalisha, unaenda chini kabisa, fasi ya kimya, mukuba inaimba mu majiwe. Bakikuamusha, uko murefu.

— Murefu namna gani? Radio aliuliza.

— Atajipima yee mwenyewe, si iko fundi?

Tulicheka. Donat alicheka kidogo, mkono kiunoni.

— Prof, weye sema. Mama Delphine balimupiga shindano.

— Tatu, nilisema. Hiyo ilikuwa kabla ugonjwa mwingine haujamchukua mke wangu. Kila mara maumivu yalinyamaza, naye akalala mchana kutwa. Akiamka, alisema ameota anatembea juu ya pamba.

— Munasikia? Pamba! Donat alisema.

Amadi alimimina kahawa, na maua yakaendelea kutua juu ya bati la kibanda chake.

Ndipo Laurentine, muuza nyanya mgeni mtaani, akasimama mbele yetu, beseni kichwani, sandali moja mkononi.

— Ba papa, hii iko ya nani? Niliiokota kule ku avenue ya pili.

Tulitazama miguu yetu, iliyokuwa imezama katika maua. Donat alitazama wa mwisho. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Changarawe ilikuwa imepasua kidole gumba, na maua mawili yalikuwa yamenata kwenye damu.

— Ee, papa! Ulitembea vile mupaka hapa? Haukusikia?

Donat aliukanyaga mguu huo kwa mguu wa kulia, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu.

— Iko kama ya muntu mwingine, alisema.

Kisha akanigeukia.

— Prof, utanisindikiza? Kwa kisu?

— Twende leo, nilisema. Tusingoje kesho.

Nilipiga magoti nikamvisha sandali. Ilibidi aniulize kama imeingia.