Chumba Chenye Mapigo Matatu

Bendi ya kijiji chetu ina ukumbi, ina mwenyekiti na ina muhuri, lakini kila mtu hapa kisiwani Korfu, Ugiriki, anajua kwamba bendi inaongozwa kutoka kwenye benchi la mbele ya mkahawa wa Lefki. Alhamisi Kuu asubuhi, kila jiko likinuka mayai yanayotiwa rangi nyekundu, Anargiros mpiga klarineti alikaa hapo na kompyuta mapajani. Walimpachika jina Dirisha Jeusi, kwa sababu hataki programu za vitufe na picha. Yeye huandika muziki kwa herufi tupu, kisha huipa mashine amri kwenye dirisha jeusi, na mashine humchorea noti safi, zimegawanywa vyumba vyumba kwa mistari ya wima, kila chumba na hesabu yake ya mapigo. Safari hii alikuwa amenakili wimbo wa maziko wa marehemu Maestro Kavasilas. Kesho, Ijumaa Kuu, jeneza la Kristo lililopambwa maua litakapopita kwa maandamano chini ya roshani ya mjane wake, bibi Evthalia, bendi iupige, na bibi ausikie kabla siku zake hazijaisha. Bibi alimwomba Anargiros kwa mdomo wake mwenyewe, naye akaapa.

Akaandika jina la programu, jina la faili, akabonyeza. Dirisha likatema mistari mingi kuliko alivyotarajia.

— Inasemaje? aliuliza Memas, mpiga tuba, ambaye wote humwita Tuba kwa sababu mtu na chombo chake wanalingana tumbo.

— Chumba cha ishirini na saba kina mapigo matatu. Wimbo ni wa mapigo manne. Na kuanzia hapo mpaka mwisho kila chumba kinalalamika.

— Umechemka kunakili, mzee.

— Nimekagua. Maestro kaandika matatu kwa mkono wake, kwa kila chombo. Mazoezi ni jioni hii, karatasi zote bado sijachapa. Naongeza pigo au naacha?

— Usiguse, alisema Pandelis, aliyewahi kufundisha udereva na tangu hapo anaitwa Profesa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki kaingiaje hapa, Profesa?

— Maestro keshakufa. Hakunjiki. Mbona iko wazi?

Lefki alileta kahawa chungu isiyo na sukari, na halua ya ufuta, maana ni mfungo. Profesa akanywa funda moja, akajiweka sawa.

— Sikilizeni. Chumba cha ishirini na saba ndipo tunapofika ngazi za kisimani. Pale pana ngazi iliyovunjika. Maestro katoa pigo ili turuke ngazi. Hiyo ni akili ya barabarani.

— Acha kamba, alisema Tuba. Pale alinipa mimi nafasi ya kuvuta pumzi. Alilijua pafu langu kuliko daktari. Nilikuwepo, nilipiga, nakumbuka.

— Hata mimi nilipiga, alijibu Profesa. Ulikuwa nyuma yangu, unakoroma.

— Wote mmepotea, alisema Lefki kutoka mlangoni. Ule ni mtego. Bendi ya ng'ambo ya kilima walikuwa wanatuibia nyimbo. Maestro akachimba shimo katikati, mwizi akiupiga, aanguke mbele ya askofu.

— Na sisi je?

— Sisi tulikuwa tunajua.

— Kompyuta ndiyo haijui, aliongeza Profesa. Programu hiyo imetoka kwa watu wa nchi tambarare huko kaskazini. Mtu asiyewahi kupanda ngazi na tarumbeta mdomoni atamsahihisha Maestro? Chanda chema huvikwa pete.

Hiyo pete hakuna aliyeiulizia.

Anargiros alitabasamu. Hakuwa na wasiwasi, maana naye alikuwepo usiku bendi ilipoupiga wimbo huo, safu ya pili, kijana wa masharubu mapya. Hadithi ya usiku ule ameisimulia mara nyingi, mpaka siku hizi anausikia wimbo wenyewe masikioni. Akaamua. Angeacha matatu, angechapa, na mashine ilalamike mpaka ichoke.

Ndipo Zambeta akafika na ngoma yake begani. Alihamia kutoka bara majira ya baridi, ndiye mpiga ngoma mpya wa bendi. Wakamweleza yote, wakipokonyana maneno. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Shikamooni wazee wangu. Mie nataka kujua kitu kimoja tu, maana ngoma ndiyo inashika miguu. Pigo likipungua, aliyekuwa anakanyaga kulia anajikuta kushoto, bendi nzima, hadi mwisho wa wimbo. Sasa mlipotoka chumba hicho, mlikuwa mnakanyaga mguu gani?

Profesa alitazama viatu vyake.

— Kushoto, alisema Tuba. Nadhani.

— Mwaka gani huo mliupiga?

— Mwaka ule ule alipoutunga.

— Mwaka ule mvua ilinyesha, alisema Lefki polepole. Hatukutoka. Na mwaka uliofuata Maestro alikuwa hospitali, akafa, na wimbo ukabaki kabatini.

Anargiros alijaribu kuusikia. Masikioni mwake wimbo ulikuwa umenyamaza, na sasa alijua kwamba haukuwahi kuwamo. Wimbo huu haujapigwa na mtu. Bibi Evthalia hakuomba kuusikia tena. Aliomba kuusikia.

— Hebu niimbie, alisema Tuba, akiinuka. Mguu utajua wenyewe.

Anargiros akashika karatasi ya Maestro, akaimba kwa sauti ya chini. Zambeta akagonga ukingo wa ngoma kwa kucha. Tuba akatembea barabarani kwa mwendo wa mazishi, mzito, mwenye heshima, chumba baada ya chumba, hadi cha ishirini na saba. Hapo pigo la tatu likapita, la nne halikuwepo, mguu wake wa kulia ukabaki juu, nao wote wakamtazama, na hapakuwa na mtu wa kumwambia aushushe lini.