Mkono wa Nesi Skolastika

Ndugu waombolezaji, marehemu Skolastika Faustini alizaliwa Kalinzi tarehe 9 Juni 1938, mtoto wa pili wa Mzee Faustini, mkulima wa kahawa, na Mama Bibiana. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akiwa msichana pekee darasani.

Januari 1962, nchi ikiwa na mwezi mmoja tu tangu ipate uhuru, aliingia chuo cha uuguzi. Likizo ya kwanza alirudi na bomba la sindano la kujifunzia, akayachoma mapapai yote ya baba yake. Mzee Faustini alipoyaona yanaoza mtini alisema, "Mwanangu, wagonjwa wako wa kwanza wamekufa wote." Kisa hicho marehemu alikisimulia mwenyewe, akicheka. Leseni ya muuguzi msaidizi aliipata tarehe 14 Novemba 1964. Mwaka 1966 alifunga ndoa na Feliksi Marselino, karani wa bandarini Kigoma, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1972, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alipelekwa zahanati mpya ya kijiji kimoja cha mwambao wa ziwa. Hapo ndipo ilipo habari ambayo ukoo ulitaka kuiruka. Marehemu alikataa katakata. Akiwa kitandani alimwambia binti yake Regina, "Msinipambe. Mkiliacha la Mwamvua, basi msisome kitu."

La Mwamvua ni hili. Septemba 1973 Mama Mwamvua Kasongo alifika zahanati na uchungu. Akina mama wa pale walizoea kujifungua wamepiga magoti, wameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti. Marehemu chuoni alifundishwa kuwa mama hujifungulia kitandani. Mwamvua alishuka kitandani mara tatu. Mara ya tatu marehemu alimzaba kofi, mbele ya mama mkwe wa Mwamvua. Mtoto alizaliwa mzima, na kwenye daftari marehemu akaandika, "Salama."

Mimba iliyofuata, mwaka 1975, Mwamvua hakukanyaga zahanati, ingawa nyumba yake ilikuwa jirani nayo kabisa. Mtoto alikwama. Marehemu alipoitwa alikimbia na sanduku lake la vifaa, akakuta kichanga kimekwisha kufunikwa kanga.

"Kwa nini hukuja?" aliuliza.

"Niliuogopa mkono wako, nesi."

Tangu siku hiyo alitandika mkeka na kufunga kamba katika chumba cha uzazi, na mkaguzi alipomkaripia hakuviondoa. Watu walimsifu kwa upole. Sifa hizo zilimchoma, maana alijua upole huo ulianzia wapi. Kuomba radhi hakuweza. Aliona aibu, mwaka hadi mwaka.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya titi. Februari mwaka huu Mama Mwamvua alimjia hospitali na chupa ya uji, akamnywesha kwa kijiko. Marehemu alifungua kinywa aseme, akaishia kuuliza bei ya dagaa soko la Kibirizi. Mgeni alipoondoka, alijifunika shuka usoni akalia. Alifariki Jumapili, tarehe 17 Machi 1985, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, na watoto Gervasi, Regina na Veneranda.

Mama Mwamvua, tunakuona hapo ulipoketi. Kwa vinywa vyetu, marehemu anakuomba radhi kwa kofi lile, na kwa mtoto uliyemzika. Sala ya kumwombea pumziko la amani tumeiweka kando kwanza. Itaanza ukishasema neno lako, au ukishanyamaza.