Miaka Thelathini na Tisa ya Kuitafuta Chai ya Harusi: Maisha ya Marseli Akonaay Tsere

Padri wetu, wazee wa Nangara, ndugu mliofika na tope lote la Dareda kwenye viatu, na wewe uliyekaa nyuma karibu na masufuria ukidhani hatukuoni, familia inawaomba mtulie tumsimulie mtu wetu tangu mwanzo wake hadi Jumanne hii, kwa kuwa yako mambo yaliyosemwa mtaani juu yake, hasa kuhusu chupa, ambayo ni lazima yanyooshwe kabla hatujamfunika.

Marseli Akonaay Tsere alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 katika kijiji cha Dareda, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Akonaay Tsere na mama Yuliana, wakulima wa mahindi na maharage, na inasimuliwa kwamba kabla hajajua kutembea alikuwa ameshajua kutambaa hadi ghalani na kulala pua yake ikiwa ndani ya mahindi, jambo ambalo mama yake alilipeleka kwa mganga, kumbe mtoto alikuwa ameanza shule.

Shule hii nyingine, ya madawati, aliianza mwaka 1966 hapo hapo Dareda, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akabaki nyumbani akilima na baba yake hadi Januari 1976 alipokwenda Arusha kujifunza ufundi wa mitambo ya kilimo, akahitimu Novemba 1978, na tarehe 2 Aprili 1979 akaajiriwa kama dereva wa kombaini ya kuvunia katika mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, ambako wenzake wanamkumbuka akizima injini katikati ya shamba, akishuka, akipukuchua suke, akizisugua punje viganjani, akinusa, kisha akitangaza kwa sauti ya askofu, "Hii bado ina maji, turudi Alhamisi," na Alhamisi ikifika, kipimo cha unyevu kikikubali kwamba sasa imekauka.

Jumamosi tarehe 29 Novemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Skolastika Margwe, huyu mama mnayemwona hapa mbele, na tunaomba msikilize vizuri kilichotokea mezani siku ile, kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Fundi mkuu wa mashine kule shambani alikuwa mgeni kutoka Kanada ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Spana, mtu mwema, naye kwa kuogopa kumkwaza Padri, siyo wewe Padri, yule wa zamani, alileta zawadi yake imemiminwa ndani ya chupa ya chai. Bibi harusi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni, aliiona chupa ya chai, akajimiminia kikombe, akapiga funda la mtu mwenye kiu. Mama Skolastika akafumba macho, akayafumbua, na yeye aliyekuwa ameonywa na shangazi zake asionyeshe jino hata moja siku nzima, akacheka mpaka shela likaanguka, akamwambia mumewe, "Marseli, chai gani hii, imefika mpaka kidole gumba cha mguu! Kama mkate wa moto uliopakwa pilipili manga!"

Bwana harusi naye akaonja, akaambiwa kwamba ile ni rye, wiski inayopikwa kwao kwa nafaka fulani kama ngano nyembamba, akasimama mbele ya keki akaapa kwamba mke wake atakinywa tena kikombe kile kabla hawajazeeka. Wiki iliyofuata mkataba wa Bwana Spana ukaisha, akapanda ndege akaenda zake, na katika kijiji kizima hapakuwa na mtu aliyekumbuka kumuuliza jina la chupa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Brigita aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1988, ambaye leo hii ni siku yake ya kuzaliwa na tunamwomba radhi, Amedeus aliyezaliwa mwaka 1991, na Paskali aliyezaliwa mwaka 1995, na kazi ya mashambani ilipofikia ukomo mwaka 2004 familia ilihamia hapa Nangara, Babati, marehemu akawa mpima ubora wa nafaka kwa wanunuzi wa sokoni, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2019 kwa pua na viganja tu, bila kudanganya mkulima wala tajiri.

Sasa tufike kwenye chupa. Miaka ya nyuma madukani mwetu palikuwa na pombe kali nyeupe tu, na marehemu alisubiri, hakuhangaika, mpaka mwaka 2006 ndugu Mudy, dereva wa basi la Arusha, alipomletea chupa ya kwanza ikiwa imefungwa gazeti, nayo haikuwa rye, ilikuwa bourbon, na marehemu aliposoma kwamba wiski ile ya Marekani inapikwa zaidi kwa mahindi, alitoka nje akatangazia mtaa, "Jamani, wenzetu mahindi wanayatunza kwenye mapipa, sisi tunapigana na dumuzi ghalani!" Tangu siku hiyo aliweka sheria yake, kwamba chupa ya haki haizidi bei ya gunia moja la mahindi wakati wa mavuno, maana hakuona sababu ya mtu wa Babati kuuza mahindi mengi kuliko yaliyomo ndani ya chupa. Mwaka wa ukame gunia lilipopanda, jirani yake na rafiki yake mkubwa, fundi cherehani Konstantini, alimshauri kwamba sasa kisheria wanaweza kununua chupa ya kifahari, marehemu akamjibu, "Watu wanatafuta unga, Konstantini, wewe unatafuta sheria," na mwaka ule hawakununua chochote.

Kila chupa ilionjwa Jumamosi saa kumi jioni, barazani, redio ikiwa chini, na chombo kilikuwa kile kifuniko cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi, kimoja kwa kila mtu, basi, chupa ikirudi kabatini, kiasi kwamba chupa iliyofunguliwa Pasaka ilifika Nane Nane ikiwa bado na kitu, na huo ndio ulevi mliokuwa mnausikia. Marehemu alidondosha tone kiganjani, akasugua, akanusa, akasema kilichomo. Mwaka 2011 Konstantini alileta chupa ya bei ya kutupa kutoka kwa mchuuzi mmoja, marehemu akanusa mara moja akasema, "Hii ni sukari iliyoungua na spiriti, kapigie pasi." Amedeus alipoleta kutoka Dar es Salaam chupa ya bei mbaya ndani ya sanduku la mbao lenye kitambaa, baba yake alinusa kwa muda mrefu, akamshukuru, akasema sanduku ni zuri sana, na mpaka leo linatunza mbegu za maharage. Ndugu Mudy, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kuweka hata tone ulimini, ndiye pekee hapa Babati anayejua bei ya kila bourbon na kila rye katika maduka ya Arusha, na kwa hilo tunamwombea msamaha kwa Mungu, kwa kuwa alifanya kwa ajili ya rafiki.

Lakini mwamuzi hakuwa marehemu. Mwamuzi alikuwa Mama Skolastika, ambaye alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akaonja, akaangalia barabarani, na mumewe akamuuliza, "Mama Brigita, ndiyo yenyewe?" naye kwa miaka ishirini akajibu neno moja, "Bado." Basi marehemu alicheka, akapiga paja, akamtuma Mudy upya.

Mnamo Machi 2025 alianza kuchoka na kuvimba miguu, akagundulika kuwa na moyo uliotanuka, na daktari alipomwambia asiguse kileo tena, aliuliza kwa unyenyekevu, "Na kunusa?" daktari akafikiri, akasema kunusa haijakatazwa. Mwishoni mwa Januari mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kushuka kitandani, ndugu Mudy alikuta katika duka moja Arusha chupa ya rye iliyoloa mvua na lebo kuchubuka, ikiuzwa chini ya gunia moja, akaendesha basi siku ile, abiria ni mashahidi, kama amebeba mayai. Jumamosi tarehe 7 Februari, saa kumi jioni, kitanda kilisogezwa dirishani. Mama Skolastika akaonja, akaweka kifuniko chini, akamwangalia mumewe alivyokonda, akasema, "Baba Brigita, ndiyo hii. Umeipata." Konstantini akavua kofia, Mudy akageukia ukutani.

Marehemu akanyoosha kiganja, akadondoshewa tone, akasugua taratibu kwa mikono ile isiyo na nguvu, akanusa, akamtazama mkewe, akasema, "Skola, miaka yote hujanidanganya, usianze leo. Ni nzuri, na bei ni ya haki. Lakini bado." Akacheka mpaka kitanda kikalia, mama naye akacheka meno yote nje, kama mezani mwaka 1986, na marehemu akamwambia Mudy, "Jumamosi ijayo."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika kiganja. Jana, tulipokuwa tunaandika haya, Mama Skolastika alituambia jambo ambalo ametuomba tulisome kama alivyolisema: "Ile ladha nilishaisahau kabla Amedeus hajazaliwa. Nilisema bado kwa sababu nilipenda anavyoondoka pale barazani akiwa na kazi ya kufanya."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule aliyeruhusu kunusa, majirani wa Nangara walioleta kuni, maji na maturubai bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wa mashamba ya ngano na wa sokoni, Padri na jumuiya, fundi Konstantini aliyeshona suti aliyovaa marehemu na kukataa kulipwa, na ndugu Mudy aliyeleta wageni wa Arusha kwa basi lake.

Leo ndiyo Jumamosi ijayo. Tukitoka makaburini itakuwa saa kumi, chupa ipo barazani na kifuniko kimeoshwa, Mama Brigita ataonja kwanza, na jibu lake sote tunalijua. Mzee Marseli, bado. Pumzika kwa amani.