Mkanda Hutolewa Ukiwa Mzima

Baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu, fundi mkuu wa injini, ambaye sote tunamwita Mama Ratiba, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Meneja amemsihi aongeze miaka miwili. Madereva wamemsihi. Hata mpishi wa kantini, ambaye hana gari, amemsihi.

Alianza kazi kwa kuosha vipuri, akapanda hadi kuongoza chumba cha injini. Jina lake alilipata kwa sababu ya mkanda wa taimingi, ule wa mpira uliofichwa ubavuni mwa injini, unaozifanya vali na pistoni zipishane bila kugongana. Mkanda huo haupigi kelele wala hautoi moshi kabla ya kukatika. Hukatika tu, na papo hapo pistoni huzigonga vali zikapinda. Kwa hiyo, kilomita zilizopangwa kwenye ratiba zikitimia, Mama Ratiba humnyang'anya dereva ufunguo. Akishaubadilisha mkanda, humkabidhi ule wa zamani auvute kwa nguvu zake zote mbele ya karakana nzima. Haukatiki. Dereva hulalamika kwamba ametolewa mkanda mzima, naye humjibu, "Ulitaka ukukatikie njiani ndipo niutoe?"

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda: mumewe. Kila alipokumbushwa kubadilisha mkanda, alicheka. "Mama watoto, wewe unaota mikanda hata usingizini. Gari linanguruma kama simba!" Simba huyo alinguruma hadi siku ya harusi ya binti yao, akanyamaza katikati ya mlima, bibi harusi akiwa kiti cha nyuma. Mama Ratiba, katika gauni lake la hariri, alimwambia mumewe apige stata. Akasikiliza injini ikizunguka bure, akajua mkanda umekatika, akafunga boneti, akapiga simu karakana. Bibi harusi alifika ukumbini ndani ya gari letu la kuvuta magari, taa ya manjano ikizunguka juu, shela ikipepea dirishani. Nyuma yake alivutwa baba mtu, ameshika usukani, akiwapungia wageni mkono. Wageni walidhani ndizo mbwembwe zenyewe, wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo mume huyo huleta gari kabla ya kuitwa.

Jumatatu meneja alijaribu mara ya mwisho. Alimweleza Mama Ratiba kwamba macho yake bado ni makali na mikono yake haitetemeki. Kwa nini basi aondoke? Mama Ratiba hakubishana. Alichukua mkanda wa zamani, akamkabidhi auvute. Meneja aliuvuta hadi tai ikamrukia begani. Haukukatika. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akampa mkono wa kwaheri.

Mama Ratiba, ahsante kwa injini zote ulizoziokoa, na kwa vicheko. Tunakutakia mapumziko mema ukiwa na nguvu zako zote. Mumeo atakuja kukuchukua Ijumaa jioni, na gari lake tumelibadilisha mkanda jana. Mtafika.