Nthenya Ndululu na Mtungi wa Moto Mwingine

Ndugu na jamaa, majirani wa Kabiro, na nyinyi mliotoka Kibera asubuhi hii, mimi ni Makau, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, kazi ambayo yeye ndiye angepaswa kunifanyia mimi, kwa hivyo nikikwama mnivumilie, nitaendelea.

Nthenya Ndululu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1991, Kisumu Ndogo, Kibera, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ndululu na mama yetu Rachael, aliyeketi hapa mbele, na kwa kuwa alizaliwa mchana, akaitwa Nthenya. Alisoma shule ya msingi Sarang'ombe kuanzia mwaka wa 1998 hadi 2005, kisha sekondari kule Kitui, akamaliza mwaka wa 2009, na tusidanganyane kwa sababu amekufa, hesabu zilimshinda, lakini mdomo haukuwahi kumshinda, walimu wake wakiwa hapa watakubaliana na mimi.

Mwaka wa 2010 alirudi Kibera, akaanza kukaanga mandazi na sambusa pamoja na Mama Zeinabu, Mnubi aliyekuwa mwenye nyumba wetu, aliyempenda kama bintiye na kumgombeza kama bintiye, na ambaye hakukubali karai liwekwe jikoni kabla hajaona kifuniko chake, maana mafuta yakishika moto, alimwambia, unazima jiko, unafunika, unaondoka. Mama Zeinabu, tunakuona hapo nyuma, asante kwa kutulelea.

Tarehe 7 Desemba 2013 aliolewa na Victor Kavoi, mzaliwa wa Machakos, mlinzi katika kampuni moja ya kuchapisha vitabu vya shule, baada ya wazee kuleta mbuzi wa ntheo, wale wa kuifunga ndoa kwa mila yetu ya Kikamba, na kupokelewa vizuri, wakahamia hapa Kabiro, na tarehe 2 Mei 2016 Mungu akawapa Mumbua, mtoto wao wa pekee, ambaye sasa yuko gredi ya tatu.

Kibanda chake cha chipsi, ambacho wengi wenu mmekula hapo na wengine mkamsumbua awaongezee kachumbari, kilifunguliwa Jumamosi tarehe 15 Januari 2022, na siku hiyo kila mtu alileta zawadi, mwingine sahani, mwingine gunia la viazi, naye Victor akaleta mtungi wa kuzima moto aliouziwa kazini kwao, mwekundu, unang'aa, mchungaji akauwekea mikono na kuuombea, ukatundikwa ukutani na utepe juu. Kila mwezi Victor aliupangusa vumbi na kuangalia kama mshale wake uko kwenye kijani, kwa sababu kazini walimfundisha kuutumia, na walimfundisha vizuri, kwa moto wa karatasi.

Sasa nisikilizeni, kwa maana nina hasira na sitaificha. Wiki iliyopita niliingia dukani kuuliza mitungi hii, na muuzaji akaniuliza neno moja tu, moto wa nini, nikakumbuka kwamba siku ile ya sherehe, watu wote tulivyojaa pale, hakuna aliyeuliza, moto wa nini. Mtungi wa maji ni wa karatasi, mbao na nguo, wenye alama nyeusi una gesi, huo ni wa stima, wa buluu una unga, unafaa petroli, ila mafuta ya karai yanaweza kuwaka tena unga ukishatulia, na wenye alama ya manjano ndio wa mafuta ya kupikia. Ule wetu ulikuwa wa maji. Enyi akina mama wa chipsi, nawaomba kwa jina la dada yangu, mkitoka hapa mkaangalie.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa sita mchana, mafuta yalishika moto, wateja wakatoka mbio, Nthenya akazima gesi, akachukua kifuniko, na kabla hajafunika, Victor, aliyekuwa nje akimenya viazi, aliingia na mtungi, akavuta pini, akapuliza kama alivyofundishwa, na maji yalipogusa yale mafuta, moto ukapanda wote kwa mara moja. Watu wanasema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, jamani, Nthenya alikuwa ameishika mkononi!

Alipelekwa hospitali akiwa anaongea, akapigana, na Jumapili tarehe 23 Machi akatuacha. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliobomoa mabati kwa mikono ili moto usivuke, wafanyakazi wenzake Victor, na akina mama wa soko mliompikia mama yetu, Mungu awabariki.

Limebaki moja, na wazee watanisamehe. Jumatano baadhi yetu walikaa, wakasema Victor ndiye aliyemuua, kwa hivyo Mumbua achukuliwe, akalelewe kwetu Kitui, na tangu hapo huyu mwanamume amekaa huko mlangoni na mikono yake imefungwa bandeji, hakuna anayemsogelea, na mtoto anauliza kwa nini baba hakai na sisi. Mimi nilikuwa kando ya kitanda, na dada yangu alisema, "Msimlaumu Victor. Watu wote walitoroka, yeye ndiye aliingia." Hayo ndiyo aliyoyasema, mama alikuwepo, na mimi na mama tumekataa mtoto achukuliwe.

Victor, shemeji yangu, njoo ukae mbele. Tukishamzika Machakos leo, Mumbua atapanda gari na wewe, mtarudi Kabiro, na Jumatatu utampeleka shule.

Nthenya, pumzika sasa, dada. Mtoto yuko na baba yake.