Mwanao Ametutoka

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye basi alidai kuwa msimamizi wao alimpigia mwenzao simu akamwambia, "Mwanao ametutoka." Mwenzao akaanguka, na mwezi wa pili huu hasemi neno. Kumbe mtoto alikuwa mzima, yuko njiani anarudi nyumbani. "Sasa msimamizi anadai eti alimaanisha ametoka shule!"

Jirani yake wa kiti, karani wa mahakama, akashika kichwa. "Hiyo ni kesi, dada." "Lakini hakumgusa hata kwa ukucha." "Moyo nao hupigwa. Alikusudia?" "Alituambia kabla, 'Ngojeni mwone sinema.' Tukacheka."

Sinema ya msiba, na watazamaji wakacheka.

"Basi njoo uyaseme hayo mbele ya hakimu," karani akamwomba.

Gari likasimama. Fundi akainama kutafuta kiatu, na vyote viwili alikuwa amevivaa.